Ukuta wa Nzioka

Nzioka Mbaluka hakuwahi kuuza kitu maishani mwake, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini, akipiga mihuri kwenye karatasi za watu wengine. Alipostaafu alikuwa amejiaminisha kwamba mtu aliyeshika karatasi nyingi kiasi hicho hawezi kushindwa na karatasi. Mimi naitwa Wamucii, na hapa Kangemi wananiita Mama Macharia. Duka langu la maziwa na mkate linatazamana na geti lake mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na mengine, Mungu anisamehe, niliyafanya kwa mikono yangu.

Kwanza mjue habari za ukuta. Miaka tisa iliyopita, Nzioka na mkewe Mbithe walikuwa wameenda kwao Mwala kwa Krismasi. Matapeli wakaja na wateja wao, wakawazungusha nje ya geti wakisema nyumba ni yao na inauzwa. Mimi ndiye niliyepiga simu. Nzioka alirudi siku hiyo hiyo akiwa na kandambili miguuni, na kesho yake akamwita Muli, fundi wa kuandika mabango, akamwandikia ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Ukizunguka Nairobi utayaona maneno hayo kwenye kuta nyingi. Watu wanaamini rangi ni kufuli.

Mbithe alitoka nje, akasimama mbele ya ukuta ameshika kiuno. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na hata akinunua mkate alikuwa akinisahihisha. Alisoma yale maneno mara mbili, akasema, "Angalau hajakosea ngeli." Kisha akaingia ndani bila kuongeza neno. Mimi nilidhani amefurahi.

Ile nyumba ni ya ghorofa moja. Jikoni na sebule viko chini. Vyumba vya kulala na bafu viko juu. Katikati kuna ngazi za saruji, vidato kumi na saba, alivyovijenga Nzioka kwa mkopo wa kazini akiwa kijana mwenye magoti mazima. Mwaka huu, Februari, Mbithe aliteleza kwenye kidato cha nne kutoka juu. Nilisikia kishindo nikiwa dukani, ng'ambo ya barabara. Nyonga ilivunjika. Akapasuliwa kwenye hospitali moja huko Parklands, na daktari akamwambia Nzioka waziwazi kwamba mama huyu asipande ngazi tena.

Jioni ile Nzioka aliegemea kaunta yangu, akaagiza soda ambayo hakuinywa.

"Mama Macharia, nauza hii nyumba. Kuna ingine nimeona Machakos, iko chini yote, hata mtoto anaingia akitambaa. Mama Kamene akitoka hospitali nataka apate mambo imeenda mbali."

Kamene ni binti yao, ameolewa Mombasa. Nikamuuliza kama yeye au mama yake wanajua.

"Hapana. Hiyo nyumba anaipenda sana. Nikimwambia saa hii akiwa kwa kitanda, si ataumia mara mbili? Atajua tukishahamia."

"Na yeye si atatakikana kusaini?"

"Asaini nini? Taito iko na jina yangu. Nzioka Mbaluka. Umewahi kuona Mbithe hapo?"

Mimi, mwanamke mzima niliyezika mume na kugombania shamba na shemeji zangu, nilitikisa kichwa nikakubali. Niliamini hivyo hivyo. Jina likiwa kwenye hati, mali ni yako, uza, choma, gawa. Mtaa mzima huu tunaamini hivyo, na tungali tunashangaa wakili anatoka wapi.

Sasa niwaambie alivyouza, maana mtu huyu alinipandisha presha. Bei aliitoa kwa Muasya wa kona ya pili. Muasya alikuwa anataka kiasi fulani kwa nyumba yake, basi Nzioka naye akataka hicho hicho na kidogo juu yake, kwa sababu ya roshani. Nikamkumbusha kwamba nyumba ya Muasya ina miaka minne sokoni na mpaka leo anaishi mwenyewe ndani. Akasema Muasya hajui kuongea na watu. Kisha akabandua vigae vya sebuleni vilivyokuwa vizima, akaweka vingine vinavyong'aa, akatundika taa ya mabilauri dari lote likameremeta, akihesabu kwamba mnunuzi atamrudishia kila kitu na asante juu. Mnunuzi wa kwanza aliyekuja alitazama ile taa, akasema ataibomoa sebule yote apanue maegesho. Nzioka alimfukuza. Wahenga wa mtaani wanasema mnunuzi wa kwanza ni wa kupima maji, usimuuzie. Basi akapima maji wiki tatu nzima, na Mbithe kule Parklands akaanza kutembea kwa fremu ya kushikilia.

Ndipo akatokea Dan. Dan ni broka, dalali wa nyumba. Hana ofisi, ana simu tatu na viatu visafi. Alimleta mtu anayeitwa Jeremy, mwanamume wa makamo mwenye heshima, anayetafuta nyumba karibu na barabara kuu ili mama yake mzazi, ambaye miguu yake bado ni mizima, asisumbuke kufika kliniki. Jeremy alipenda nyumba. Alipunguza bei, Nzioka akavimba siku mbili, Dan akamtuliza, wakakubaliana. Jambo moja tu: Jeremy alikuwa na nyumba nyingine mkononi huko Uthiru, na mwenye nyumba wa Uthiru alimpa hadi Ijumaa. Kwa hiyo mkataba utiwe sahihi Alhamisi, kwa wakili wake pale Hurlingham, ama aende zake. Na Mbithe alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali Jumamosi.

Jumatano mchana wakili akapiga simu. Alitaka kujua mke wa muuzaji atafika saa ngapi. Nzioka akamwambia mke hayumo kwenye hati. Wakili akamjibu kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa, wanaishi humo, na bila mke kukubali kwa sahihi yake hakuna mauzo, hata jina likiwa la nani.

Niliyajua hayo kwa sababu saa tisa waliingia dukani kwangu wote wawili, Nzioka na Dan, wakafunga mlango nyuma yao. Sijawahi kufungiwa mlango wa duka langu mwenyewe.

"Mathe, hii ni kitu ya dakika mbili," Dan akasema. "ID ya Mama Kamene tuko nayo. Picha ilipigwa kitambo, hata yeye mwenyewe hafanani nayo. Wewe unaingia, unasema ndio, unaweka sahihi, tunatoka. Wakili hamjui Mbithe."

"Unataka nikaseme mimi ni Mbithe?"

"Si kusema. Kusaini tu."

Nilimgeukia Nzioka. Alikuwa anatazama mikate kama aliyetumwa kuihesabu. "Baba Kamene," nikamwambia, "nenda umwambie mkeo. Matatu mbili tu uko Parklands. Mwambie leo."

"Akikataa?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Akikataa, Jumamosi nitampeleka wapi? Nimbebe mgongoni? Aanguke tena mbele yangu? Mama Macharia, wewe ulisikia ile siku alianguka. Mimi nilikuwa ndani."

Hapo ndipo aliponipata. Nilikumbuka kile kishindo. Nikajiambia huu si wizi, hakuna anayenyang'anywa, ni kumsaidia mgonjwa ambaye ni rafiki yangu. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi jina zuri la kuuita. Nikasema nitaenda.

Alhamisi asubuhi nilivaa viatu vya kanisani. Tulipokuwa tunaingia kwenye gari la Dan, Muli alikuwa anateremsha ngazi yake na makopo ya rangi mbele ya ukuta. Ilikuwa akili ya Nzioka mwenyewe: mtathmini wa benki ya Jeremy alikuwa anakuja Ijumaa kupiga picha, na picha yenye HAIUZWI ingeharibu kila kitu. Basi iandikwe INAUZWA, na Jeremy akiona hivyo ajue kuna wengine nyuma yake, asije akaanza kusitasita.

Muli aliutazama ukuta, akafurahi. "Mzee, una bahati. HAIUZWI ni herufi saba. INAUZWA pia saba. Hapa katikati U, Z na W zinabaki. Nabadilisha tatu za mbele na moja ya nyuma. Herufi nne peke yake."

Nzioka alicheka, mara ya kwanza mwezi huo. Mimi sikucheka.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, barabara ya Argwings Kodhek, juu ya duka la dawa. Jeremy alikuwa ameshafika. Wakili alikuwa mwanamke mdogo kuliko Macharia wangu, na miwani, na sauti ya upole ambayo ilinitia hofu kuliko kelele. Alisoma mkataba ukurasa kwa ukurasa. Nzioka alitoa simu yake mfukoni, akaizima sauti, akairudisha.

Kisha wakili akafunga mkataba, akatoa karatasi moja peke yake, akanigeukia mimi.

"Mama Mbithe, hii ni yako. Lazima nikuulize mbele ya kila mtu. Hii ni nyumba mnayoishi na mume wako. Unajua ikiuzwa huna haki ya kurudi?"

"Najua."

"Kuna mtu amekulazimisha? Ama amekuficha kitu?"

Nilisikia mashine ya maji ikitoa povu kwenye kona. Nilitaka Nzioka aseme kitu. Alitazama dirishani.

"Hapana," nikajibu.

"Basi weka sahihi hapa."

Alinipa kalamu. Nikainama. Nilikuwa nimefanya mazoezi usiku kucha kichwani: M, kisha b, kisha mstari. Lakini mkono una akili yake. Kwa miaka arobaini mkono huu umesaini daftari za kanisa, fomu za shule, stakabadhi za maziwa, na umezoea njia moja tu. Nilipotazama chini, nilikuwa nimeandika W. W kubwa, yenye mkia, ile ninayoringia.

Nikaganda. Wakili aliiona. Jeremy aliiona.

Dan akainama juu ya bega langu haraka. "Ni M hiyo. Mama ameishika karatasi juu chini. Si unajua wazee?"

"Karatasi iko sawa," wakili akasema.

Alinyoosha mkono achukue kitambulisho, na hapo Nzioka akaweka kiganja chake juu ya karatasi, juu ya ile W yangu.

"Huyu si Mbithe," akasema. "Ni jirani. Yeye hana makosa. Mbithe yuko hospitali, hajui chochote. Nilimficha mimi."

Nililia pale pale, bila kujizuia, mbele ya watu nisiowajua. Niliona haya na nikapata nafuu kwa pamoja. Dan hakuwepo tena, sikumwona akitoka. Wakili aliichana ile karatasi vipande vinne, akaviweka kwenye faili badala ya pipa.

"Mzee, mtu hufungwa kwa hii kitu," akasema. "Wote wawili mngefungwa. Nendeni kabla sijainua simu."

Jeremy alichukua funguo zake mezani. Hakugomba. Alimtazama Nzioka tu, akasema, "Mimi nilikuwa naletea mama yangu hii nyumba," akatoka.

Tulirudi kwa teksi, kila mmoja akitazama dirisha lake. Tulipofika Westlands ndipo Nzioka alipokumbuka kutoa simu yake. Simu kumi na moja zilimpita, zote za Mbithe. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Kuanzia hapo hadi Kangemi alikuwa anamwambia dereva aongeze mwendo, na dereva anamwonyesha foleni.

Mbithe alikuwa ameketi kwenye benchi langu, mbele ya duka lililofungwa, fremu yake ya kutembelea imesimama mbele ya magoti. Daktari alikuwa ameridhika mapema akamruhusu. Alipiga simu kwa mumewe asubuhi nzima, na mwisho akachukua teksi peke yake, na kifurushi cha nguo mapajani. Sasa alikuwa anautazama ukuta. Muli alisimama juu ya ngazi, brashi mkononi, hajui ashuke ama aendelee. Alikuwa amemaliza herufi tatu za mbele. Ya mwisho bado. Ukuta ulisomeka: NYUMBA HII INAUZWI.

"INAUZWI," Mbithe akasema bila kugeuka. "Nimefundisha watoto miaka thelathini. Hilo neno halipo, Nzioka. Hakuna Mswahili aliyewahi kulisema. Ama inauzwa, ama haiuzwi. Sasa nieleze ni ipi."

Nzioka alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ilimpita karibu ikimpigia honi. Akaanza kueleza: Machakos, nyumba isiyo na ngazi, Jeremy, Ijumaa. Alipofika kwenye ofisi ya wakili akasita, akanitazama. Nikaona kama sitasema mimi, sitaweza tena kumwangalia mwanamke huyu.

"Nilienda kusaini kama wewe, Mama Kamene," nikasema. "Nilikaa kwa kiti chako."

Alinitazama viatu, vile vya kanisani, halafu uso. "Ulikuwa Mbithe?"

"Ndiyo."

"Basi panda ngazi zangu kumi na saba kwanza. Ukifika juu uniambie kama Mbithe anapenda hiyo nyumba."

Hakupaza sauti. Alimgeukia mumewe. "Tangu magoti yaanze kuniuma nimetaka kuiuza. Ni miaka kumi. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia. Halafu matapeli wakaja, ukaandika pale. Herufi kubwa nyekundu. Nikajua ni mimi unaniambia. Nikanyamaza, nikapanda. Kila siku nikapanda."

"Ilikuwa ya matapeli," Nzioka akasema. "Mbithe, ilikuwa ya matapeli."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

"Ningekubali kabla hujamaliza kuuliza. Ulitaka sahihi yangu, ukaenda kuitafuta kwa jirani, na mimi niko Parklands nasubiri uniletee uji."

Mzee yule alikaa chini, kwenye ukingo wa mtaro, na suruali yake ya suti. Nilidhani Mbithe angemwita. Hakumwita. Muli akakohoa juu ya ngazi.

"Mama, samahani, rangi inakauka. Sasa niandike gani?"

Mbithe alifikiri. "Rudisha HAIUZWI. Halafu ongeza maneno mawili."

"Herufi ngapi?"

"Kumi."

Akamtajia herufi moja moja, kwa ile sauti ya imla, na Muli akaziandika moja moja. Ilipomalizika, Nzioka alilipa bila kuuliza bei. Ukuta ukasomeka, na unasomeka hadi leo: NYUMBA HII HAIUZWI BILA MBITHE.

Walimtandikia kitanda sebuleni, chini ya ile taa ya mabilauri, ambayo aliichukia. Nzioka alimpelekea maji ya kuoga kwa karai asubuhi na jioni, akishuka na kupanda mwenyewe. Siku tisa nyumba ile haikununua kwangu hata mkate. Maziwa alitumwa Nzioka kuyanunua duka la chini. Nilistahili, na iliniuma kila asubuhi nilipofungua mlango.

Siku ya kumi Mbithe alivuka barabara kwa fremu yake, pole pole, Nzioka nyuma yake amenyoosha mikono kama anayefuata mtoto anayejifunza kutembea. Wakaketi kwenye benchi langu. Akaagiza nusu lita ya maziwa. Nilimpa. Akasema, "Asante, Mama Macharia," na mimi nikaingia ndani nikafuta macho kwa kanga.

Walikuwa wangali wameketi pale gari la Jeremy lilipokuja likapunguza mwendo. Nilimtambua mara moja. Baadaye alituambia nyumba ya Uthiru ilikuwa na kesi. Alisimama, akateremsha kioo, akasoma ukuta. Akasoma tena. Niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Kisha akatoa simu, akapiga, bila kujua kwamba anayempigia yuko nyuma yake kwenye benchi.

Simu ya Nzioka ikalia. Akaitazama, akaipokea, akasikiliza.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Ndiyo, bado tuko." Akasikiliza tena, akamtazama Mbithe. "Mimi siwezi kukujibu hiyo. Ngoja nikupe mwenyewe."

Akampa Mbithe simu, akasogea hadi mwisho wa benchi, nafasi ya mtu wa tatu ikabaki katikati.

"Mbithe ni mimi," mama akasema. "Geuka nyuma, utaniona. Shuka uje tukae."